Tundu Lisilo na Ulimi

Kilichonipandisha darini ni mvua. Ilikuwa imenyesha wiki nzima, ile mvua ya Kiingereza isiyo na radi wala haraka, na bibi niliyekuwa nikimtunza akaniambia asubuhi kwamba usiku alisikia tone juu ya kitanda chake. Nikachukua tochi na beseni, nikapanda. Tone sikuliona. Nilichokiona ni masizi.

Mbao za paa katikati ya nyumba zilikuwa nyeusi tii, weusi wa sufuria la pilau la msibani, unaong'aa kidogo ukimulikwa. Nikapitisha kidole, kikatoka na vumbi tu. Masizi yalikwisha kuingia ndani ya mti. Mimi nimelelewa Tanga, kwenye nyumba ambayo jiko lake la uani lilikuwa la mafiga matatu, kwa hiyo masizi ya kuni sihitaji kuonyeshwa. Kilichonishinda ni njia. Chini ya dari ile kuna chumba cha kulala chenye zulia. Chini ya chumba kuna sebule. Dohani ya matofali inapita kati ya yote hayo ikiupeleka moshi nje. Sasa moto uliozitia weusi mbao hizi uliwashwa wapi?

Nilipomuuliza bibi, alicheka. "Sebuleni," akasema. "Hapo hapo unaponiwekea kiti."

Nyumba yenyewe iko kwenye kijiji kimoja cha Sussex, kusini mwa Uingereza. Ukiitazama kutoka barabarani hutaidhania umri zaidi ya miaka 250: uso wa matofali mekundu, madirisha yaliyopangwa sawasawa, mlango katikati. Ukizunguka ubavuni, ukuta umevikwa vigae vya udongo vilivyotundikwa kama magamba ya samaki, ndiyo mtindo wa kule. Ukifika nyuma unakutana na nguzo za mwaloni zilizopinda, katikati yake ukuta mweupe. Na nyuma kabisa kuna jiko la miaka ya 1960 lenye paa bapa. Ni kama mzee aliyevaa nguo zake zote kwa pamoja kwa kuogopa baridi.

Ile ya ndani kabisa, ya kwanza, ilisimamishwa kabla Wareno hawajaipiga Kilwa. Wajenzi waliunga fremu ya mwaloni, kati ya nguzo na nguzo wakasuka fito, juu ya fito wakakandika udongo uliochanganywa na nyasi kavu na mavi ya ng'ombe. Msomaji wa Handeni au Kwale hahitaji kuelezwa zaidi. Katikati ya nyumba uliachwa ukumbi, wazi kuanzia sakafu ya udongo hadi kwenye uti wa paa, bila dari wala ghorofa, na katikati ya sakafu hiyo ndipo moto ulipokokwa. Dohani haikuwapo. Moshi ulipanda, ukazurura chini ya paa, ukatafuta pa kutokea kwa wakati wake. Upande mmoja wa ukumbi palikuwa na vyumba viwili vya vyakula na vinywaji. Upande wa pili chumba cha wenye nyumba, na juu yake pa kulala. Bwana, mkewe, watoto, vijakazi na vibarua wa shamba wote walikula mbele ya moto ule ule.

Baba yangu alikuwa fundi seremala, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia ncha ya futi kamba. Ndiyo maana baada ya siku ile ya darini sikuweza tena kupita chini ya boriti yoyote ya nyumba ile bila kuinua macho. Nikaanza kuona matundu. Chini ya boriti moja ya sebuleni ipo safu ya matundu madogo yenye umbo la kipande cha kashata, yamepangwa kwa nafasi sawa, na hayashiki kitu. Zamani yalishika nondo za mti za dirisha, enzi ambazo madirisha ya watu wa kawaida hayakuwa na kioo. Dirisha limekwenda, ukuta wake nao umekwenda, lakini kila nondo imeacha mahali pake. Kwenye nguzo nyingine kuna tundu refu, kina chake kama kiganja, limechongwa na mtu aliyeijua kazi. Ndani yake hamna kitu.

Kiungo cha namna hiyo maseremala hukiita tundu na ulimi. Mti mmoja hutobolewa, wa pili huchongwa ulimi, ulimi ukaingia tunduni, kisha kigingi cha mti kikapita katikati kuvifunga vyote viwili. Baba alikuwa na dharau kubwa kwa msumari. Tundu lisilo na ulimi, kwake, lilikuwa na maana moja: kuna mti ulikuwa hapa. Wala hukisii, tundu lenyewe linakwambia unene wa mti ule, ulielekea wapi, ulibeba nini. Wachunguzi wa nyumba za kale za Uingereza hufanya kazi hiyo hiyo. Wanasoma matundu. Wanasoma pia namba: mafundi wa zamani waliilaza fremu nzima chini, wakaiunganisha, wakakwaruza namba za Kirumi kwenye kila kiungo, wakaifumua, wakaipeleka kiwanjani, ndipo wakaisimamisha. Namba hizo bado zipo. Nilizipapasa ubavuni mwa ngazi, VI na VII, nikamkumbuka baba na penseli yake nyuma ya sikio, akiandika namba kwenye miguu ya kitanda cha harusi ya mtu.

Wakati huo alikuwa na miaka mitatu kaburini.

Turudi kwenye moshi. Mwaka 1577 kilichapishwa kitabu cha maelezo ya nchi ya Uingereza, mwandishi wake William Harrison, kasisi wa kijiji cha Radwinter huko Essex. Humo anasimulia kwamba wazee wa kijiji chake waliona mambo matatu yamegeuka kupita kiasi katika umri wao: dohani zimekuwa nyingi, malazi yamekuwa laini, na vyombo vya mezani vimeacha kuwa vya mti. Utadhani ni shangwe tupu. Lakini Harrison huyo huyo ananung'unika kwamba watu wa siku za dohani wamekuwa walegevu, wana mafua yasiyokwisha, ilhali enzi za moshi vichwa havikuwauma. Moshi ulikomaza mbao za nyumba na ulikuwa dawa kwa mwenye nyumba na jamaa zake. Nilipousoma ule mnung'uniko nilimsikia bibi yangu mzaa mama. Alipoletewa jiko la gesi aliuliza mahindi ya mbegu sasa yatatundikwa wapi, na dumuzi atafukuzwa na nani. Macho yake yalikuwa yameharibiwa na moshi ule ule aliokuwa akiulilia.

Katika nyumba ya Sussex dohani ilipandishwa ndani ya ukumbi wenyewe, matofali kwa matofali, pana kama chumba. Moshi ukipata njia yake, anga la juu la ukumbi halina kazi tena; kwa hiyo wakatandaza boriti, wakapiga mbao, wakapata ghorofa. Vyumba vikazaliwa juu. Watu wakaanza kwenda kulala kila mmoja na mlango wake. Moto uliokuwa na pande nne ukabaki na upande mmoja, na katika upande huo si kila mtu alipata nafasi. Vijakazi wakapelekwa jikoni kwao. Masizi ya ukumbi wa kale yakafungiwa huko juu, gizani, yasionwe na mtu ila fundi wa paa, na mimi na beseni langu.

Walioutoa ukumbi hawakuwa waharibifu. Walikuwa watu waliochoka kukohoa.

Ila dohani nayo ilikuja na hofu yake, maana ni mdomo ulio wazi usiku kucha, unaotazama mbinguni. Kwenye gogo la mwaloni lililolala juu ya meko kuna alama za kuchomwa kwa mshumaa, zimeachwa makusudi, na maduara ya bikari yaliyokatana yakafanya ua. Namna hiyo ya alama inapatikana katika nyumba nyingi za kale za Uingereza, hasa penye milango, madirisha na meko, na wataalamu wengi huzichukulia kuwa kinga dhidi ya kibaya kisichobisha hodi. Kuna na viatu. Mafundi wakibomoa dohani au wakifumua sakafu hukuta kiatu kimoja, kimechakaa, kimewekwa mahali ambapo hakiwezi kuwa kimeanguka. Northampton, mji wa washona viatu, jumba lake la makumbusho limeviwekea daftari viatu hivyo kwa miongo mingi, na vingi ni vya watoto. Walioviweka hawakuacha maandishi ya kueleza sababu. Cha nyumba ile kilionekana miaka ya 1960 wakati wa kujenga jiko. Bibi alinionyesha ukubwa wake kwa vidole viwili: mtoto wa miaka miwili, labda mitatu, na soli imelika upande mmoja. Alikirudisha kwenye dohani kwa mkono wake, mafundi wakazibia. Sikumuuliza kwa nini. Kwetu pia kuna vitu ambavyo mtu huvizika kizingitini bila kuulizwa.

Uso wa matofali ulikuja katika karne ya 18, pale mbao na udongo vilipoanza kumtia aibu mwenye uwezo. Haukubeba chochote, ni kanzu tu mbele ya fremu ile ile. Kwenye uso huo, ghorofani, kuna dirisha lililozibwa kwa matofali, na kijijini kila mtu atakwambia limezibwa kukwepa kodi ya madirisha, iliyotozwa Uingereza tangu 1696 mpaka 1851. Kodi ilikuwapo kweli, na madirisha yalizibwa kweli. Hili la kwetu, hapana. Nyuma yake moja kwa moja inapita dohani. Hapakuwahi kuwa na dirisha pale. Mjenzi alitaka tu safu yake ipendeze, akaichora nafasi bila kitu. Ni pengo lisilopoteza chochote, na ndilo ambalo wageni hulipiga picha.

Karne ya 19 niipite upesi, kwa sababu nyumba yenyewe iliipita kwa taabu. Iligawanywa nyumba ndogo za vibarua wa mashamba, kila chumba familia, milango ikatobolewa popote. Karne iliyofuata ikaunganishwa tena, na mmiliki mmoja akazipaka nguzo za nyuma rangi nyeusi kama lami ili zionekane za kale. Mwaloni ukiachwa unazeeka kuwa wa kijivu, kijivu cha mvi, na zamani mara nyingi ulipakwa chokaa pamoja na ukuta wake. Ule weusi ambao dunia nzima inaujua kwenye kalenda za Uingereza kwa sehemu kubwa ni upenzi wa wajukuu, si wa mababu.

Kisha ikaja saruji. Hapa nakiri nilikasirika kama mtoto wa fundi. Ukuta wa udongo na fito hupumua. Hunywa unyevu na kuutoa, na lipu ya chokaa huuruhusu. Ukiubandika saruji unyevu hunaswa ndani, ukuta ukaonekana imara huku mguu wa nguzo ukioza kimyakimya. Watu wa mji mkongwe wa Lamu na wa Mji Mkongwe wa Unguja wanalijua somo hili kwa kuta zao za mawe ya matumbawe, wengine wamelijua baada ya ukuta kulala barabarani. Nilimwambia bibi, nikimwonyesha chini ya dirisha mahali palipokuwa laini kama muhogo uliochemka. Akatulia kidogo.

"Tulipiga sisi," akasema. "Mume wangu na mimi. Tuliambiwa ndiyo dawa ya unyevu."

Mumewe alikuwa mrefu. Nyumba ile ilijengwa na watu ambao hawakumtarajia, na boriti ya mlango wa kutokea sebuleni kwenda jikoni ilimgonga kipaji mara nyingi hata akaipigilia kimto cha ngozi kilichojazwa pamba. Alikuwa amekufa muda mrefu. Bibi alikuwa akipita chini ya kimto kile kwa nafasi ya futi nzima, nami nilipita vivyo hivyo. Hakubaki mtu wa kukigonga. Nilikuwa nikikifuta vumbi kila Jumamosi, na katikati yake palikuwa na mbonyeo wa paji la uso.

Siku zangu za mapumziko nikaanza kutembelea nyumba nyingine. Alfriston hakuko mbali, kijiji kando ya mto Cuckmere, chenye nyumba ya kale ya makasisi. Mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa magofu matupu, wakuu wa kanisa wakaridhia ibomolewe, lakini mpangaji wake wa mwisho, ajuza, aliomba aachwe afie mle, akaachwa. Uhai wake ukaipa nyumba muda. Kasisi wa kijiji akaipigania; shirika la kulinda majengo ya kale, ambalo William Morris na wenzake walilianzisha 1877, likaingilia; na mwaka 1896 shirika la National Trust, lililokuwa na umri wa mwaka mmoja, likainunua kwa pauni 10. Ndilo jengo la kwanza kununuliwa na shirika hilo. Sakafu ya ukumbi wake ni chokaa ya mlimani iliyotwangwa ikashindiliwa, ikapakwa maziwa yaliyochacha ili ishikane. Morris alishikilia kwamba jengo la kale litengenezwe lisianguke, basi. Asitokee mtu wa kulirudisha kwenye ujana wake, kwani katika kulirudisha ataifuta kazi ya wote waliofuata.

Wiki nyingine nikaenda Singleton, kwenye jumba la makumbusho la wazi la Weald na Downland. Huko ipo nyumba iitwayo Bayleaf. Ilikuwa Kent, mahali palipochimbwa bwawa la maji la Bough Beech, na mwishoni mwa miaka ya 1960 iliokolewa kwa kufumuliwa. Walichofanya mafundi wa karne ya 15 kikawezekana tena: kiungo kwa kiungo ikashushwa, ikapandishwa mahali pengine. Ila hapo uchaguzi ukalazimu. Nyumba ya miaka mingapi? Wakachagua iwe kama ilivyokuwa mnamo mwaka 1540. Dohani na ghorofa vilivyoongezwa baadaye havikurudi. Ukumbi uko wazi mpaka juu, na siku niliyokwenda moto ulikuwa umewashwa katikati ya sakafu.

Nilikaa nao karibu saa nzima. Hatimaye niliuona moshi ukifanya lile lililotia weusi mbao za darini kwetu: ulipanda, ukafika juu, ukasimama kama mgeni anayengoja kukaribishwa, kisha ukapenya. Ni nyumba nzuri. Hata hivyo nilijikuta nikiiwazia ile dohani isiyorudishwa, na watoto waliozaliwa kwenye vyumba vya juu ambavyo havipo tena, vizazi na vizazi vya watu waliokuwa hai baada ya 1540 kwa kosa lao wenyewe. Ili kuupata ukumbi ilibidi dohani ipotee. Nguo zangu zilinuka moshi siku mbili. Sikuzifua.

Sijaeleza kuhusu kaka yangu. Baada ya matanga ya baba, kaka alibomoa karakana iliyokuwa mbele ya nyumba yetu akajenga fremu tatu za maduka za kupangisha. Nilipoona picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, niliandika maneno ambayo mdogo hamwandikii mkubwa. Hakunijibu. Tulikaa mwaka na nusu hatusemezani, kila mmoja akituma salamu kwa kupitia shangazi.

Jioni moja nilimsimulia bibi. Nilitegemea anihurumie; Waingereza wanapenda vitu vikongwe. Aliuliza karakana ilikuwa ikiingiza kiasi gani baada ya baba kufa. Nikasema hakuna. Akauliza kaka ana watoto wangapi. Kisha akaelekeza mkono wake nyuma, kwenye jiko la paa bapa, akasema pale palikuwa na chumba cha maziwa cha zaidi ya miaka 300, na yeye ndiye aliyekivunja, kwa sababu alikuwa na watoto wanne na beseni moja.

Alifariki Februari, ghorofani. Ghorofa ile iliongezwa katika nyumba isiyoitarajia, na ngazi ikapachikwa paliposalia, nyembamba, ikizunguka ubavu wa dohani, jeneza halipiti. Watu wawili waliokuja kumchukua walimshusha kwenye kiti, wamemfunga mikanda, hatua kwa hatua, mpaka chini, wakamtoa kwa mlango wa jikoni. Yule wa mbele alikuwa mrefu. Alikigonga kimto cha ngozi kwa paji la uso, akasema samahani, sijui alikuwa akimwambia nani.

Nyumba imeuzwa. Walioinunua ni vijana, wana mtoto mmoja na wanatarajia wa pili, na wamekwisha kuomba kibali halmashauri cha kubomoa jiko la bibi na kubandua saruji. Nyumba iko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kisheria, hivyo kila badiliko linaombewa ruhusa. Kuhusu kimto hakuna aliyeuliza. Hakimo kwenye ramani. Siku ya kurudisha funguo nilikiangalia. Kimeshikiliwa kwa misumari minane ya shaba, na kikitoka kitaacha matundu manane madogo ambayo mtu wa mwaka 2300 atashindwa kuyasoma.

Nikiwa kituo cha basi nikapiga simu Tanga.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba." Kikapita kimya cha sekunde kadhaa, nyuma yake nikisikia bodaboda. "Hujambo huko?"

Nikamwambia sijambo, yule bibi amefariki. Akanipa pole. Nikamuuliza ule mti wa juu wa mlango wa karakana, wa mvule, ambao baba aliutoboa matundu ya kutundikia misumeno, ulikwenda wapi.

"Upo," akasema. "Fundi alitaka kuuchana mbao nikamkatalia. Tumeupachika fremu ya kati, juu ya mlango. Kuna kijana wa simu pale."

"Na matundu?"

"Yapo. Anatundikia chaja."